Shangazi anasema niache vidonge ninywe mtindi

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Ni mdada wa miaka 34, nipo Morogoro. Baada ya miaka miwili ya kutibiwa amoeba na taifodi zisizoisha, nilipimwa kwa kamera nikaambiwa nina alserativu kolaitisi. Natumia sulfasalazini na sasa hivi nina kama miezi mitatu niko vizuri, ila gesi na tumbo kunguruma havijaisha. Shangazi yangu anasema hivi ni vidonda vya tumbo tu, niache vidonge ninywe mtindi nusu lita asubuhi na juisi ya kabichi. Nimejaribu mtindi siku mbili tumbo likajaa kama ngoma. Je vyakula vya kuchachusha vinafaa au ndo vinaniua? Na kuna jirani anauza vidonge vya probayotiki, wanaita bakteria wazuri, kutoka nje, elfu themanini na tano kichupa, ninunue? Naomba na ratiba ya chakula."

Dada, shikamoo ya shangazi kwanza mfikishie, maana katika hayo aliyosema kuna la kweli na kuna la kukupeleka wodini, na yote yamo kwenye sentensi moja.

Tuanze na hilo jina kwa sababu ndo linalowachanganya watu kila siku ninapokaa kliniki hapa Mwanza. Mtu akisikia "alsa" anajua vidonda vya tumbo, vile vya kwenye mfuko wa chakula, vinavyochoma ukiwa na njaa, na dawa yake kila mtaa inajulikana, juisi ya kabichi, maziwa, asali, sijui nini. Wewe huna hivyo. Ugonjwa wako uko chini kabisa, kwenye utumbo mpana, unaanzia pale kwenye njia ya haja kubwa unapanda juu kiasi fulani, kwa mwingine kidogo, kwa mwingine utumbo mpana mzima, na kinachotokea ni kwamba kinga yako mwenyewe inaushambulia ule utando wa ndani mpaka unavimba unatoa damu na ute. Ndugu yake mwingine anaitwa Crohn, huyo anaweza kukaa popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo juisi ya kabichi mbichi kwako haiendi kutibu kidonda chochote, inaenda kukuongezea gesi tu.

Na hiyo miaka miwili ya amoeba na taifodi pole sana, sio wewe peke yako. Ila nisiwalaumu sana madokta wa dispensari maana huku kwetu kuhara damu kweli mara nyingi ni amoeba au kuhara kwa bakteria, au kichocho kwa sisi wa ziwani, au hata TB ya utumbo, na hayo lazima yaondolewe mezani kabla mtu hajapewa dawa za kushusha kinga, maana ukimpa mwenye amoeba prednisolone utumbo unaweza kutoboka. Shida ni pale mtu anapopewa metronidazole mara ya sita bila mtu kujiuliza hii amoeba ina mkataba gani na huyu mama.

Sasa la vidonge. Usiache. Nasema hivi bila kuzunguka kwa sababu nimeshaona hii filamu mara nyingi: mtu anatulia miezi mitatu minne, anaona kapona, anaacha, anakaa vizuri wiki kadhaa mpaka anaanza kuwahubiria wengine, halafu siku moja usiku anaamka mara nane kwenda chooni na kila mara ni damu. Hiyo sulfasalazini ndo inaufanya ugonjwa ulale. Haujafa, umelala. Chakula kazi yake ni kutokuupigia kelele. Halafu ukiwa kwenye hiyo dawa hakikisha unapewa na foliki asidi, kwa sababu inapunguza ufyonzaji wa folate, vitamini hiyo hiyo, na kama mkojo umekuwa rangi ya chungwa usikimbie hospitali usiku, ni dawa hiyo inapita.

Haya, mtindi.

Ukichukua maziwa ukayagandisha, bakteria wanakula sehemu ya ile sukari ya maziwa, laktosi, wanaigeuza asidi, ndo ule uchachu. Watu wazima wengi wa huku, ukiacha jamii za wafugaji kama Wamasai, hatuna tena kile kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja laktosi, kwa hiyo glasi ya maziwa fresh inatusumbua lakini mtindi tunauvumilia zaidi. Zaidi, sio kabisa! Laktosi inapungua tu, haiishi, na nusu lita kwa mpigo tumbo tupu asubuhi ni mzigo hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse utumbo uliotoka vitani miezi mitatu iliyopita. Na nina uhakika uliweka sukari. Vijiko vingapi? Ndo maana ngoma ililia.

Kwa hiyo tatizo lako halikuwa mtindi, lilikuwa kipimo. Anza na vijiko viwili vya chakula, baada ya kula, sio kabla, siku tatu hivyo hivyo, tumbo likinyamaza panda hadi robo kikombe, kaa hapo wiki nzima, ndo uende nusu kikombe. Wengi ninaowaona wanaishia hapo kwenye nusu kikombe au kikombe kimoja kwa siku na inatosha sana. Likikataa hata vijiko viwili basi limekataa, hakuna medali kwa anayevumilia.

Lakini je vinasaidia kweli au ni maneno? Hapa nataka uelewe vizuri maana huko mitandaoni watu wanachukua robo ya ukweli wanauza kama gunia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitoa matokeo ya watu wazima 36, kundi moja likala vyakula vya nyuzinyuzi kwa wingi, kundi lingine vyakula vilivyochachuka, mtindi, kabichi ya kuchachusha, na vinginevyo, kwa wiki 10. Wale wa vilivyochachuka, aina za bakteria tumboni ziliongezeka na protini 19 za uvimbe kwenye damu zikashuka. Tamu kusikia. Ila wale 36 walikuwa watu wazima wa afya, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kolaitisi yako. Kwa hiyo inatuambia njia inaelekea wapi, haituambii kwamba mtindi ni dawa.

Ushahidi wa karibu zaidi na ugonjwa wako ni wa bakteria mmoja aliyegunduliwa mwaka 1917 na daktari wa Kijerumani Alfred Nissle, alimtoa kwenye kinyesi cha askari ambaye wenzake walikuwa wanaharisha vibaya na yeye akabaki mzima. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya wagonjwa 327 wa kolaitisi iliyolala, wakalinganisha bakteria huyo na mesalazini, dawa ya kolaitisi ndugu ya hiyo yako, kwa miezi 12, na idadi ya walioamkiwa na ugonjwa ikakaribiana pande zote mbili. Kubwa hiyo. Lakini ni aina yake maalumu ya E. coli, iko kwenye vidonge vyake, haipo kwenye mtindi wa shangazi wala kwenye kombucha, ile chai ya kuchachusha, na kila bakteria ana tabia zake, kusema "probayotiki inasaidia" ni sawa na kusema "dawa inasaidia". Dawa gani?

Na tusijidharau pia. Hapa Mwanza mwaka 2004 hiyo hiyo akinamama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria aliyechaguliwa, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Canada, watu wakaja kuuita Fiti, ukalengwa zaidi kwa wanaoishi na VVU. Haukutengenezwa kwa kolaitisi kwa hiyo sitakuambia utakutibu. Ninachokuambia ni kwamba utaalamu wa kuchachusha haujatoka nje kuja kwetu kwenye kichupa, tunao.

Mfano togwa. Mimi mama yangu ni wa Songea, togwa nimelelewa nayo, na kwa wagonjwa wangu ambao mtindi umewakataa ndo ninayowapa kwanza kwa sababu haina laktosi hata kidogo. Unapika uji wa mahindi mzito, mzito kweli mwiko usimame, unauacha upoe mpaka kidole kinavumilia bila kuungua, hapo unatia unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota ukakaushwa ukasagwa, vijiko viwili vitatu kwa lita. Koroga uangalie. Ndani ya dakika chache ule uji uliokuwa unashika mwiko unalegea wenyewe unakuwa mwepesi kama maziwa, mpaka leo nikifundisha akinamama hapo huwa wanapiga kofi, ni vile vimeng'enya vya kimea vinaikata ile wanga vipande vipande. Ndo maana inakuwa tamu bila sukari. Kisha unatia kikombe cha togwa ya jana kama unayo, unafunika na kitambaa safi, unaacha usiku kucha. Asubuhi ina uchachu mwembamba, harufu nzuri. Ikinukia pombe umechelewa, hiyo sio yako tena. Kuna utafiti ulifanyika hapa Tanzania miaka ya 1990 kwa watoto wa chini ya miaka 5, waliokunywa togwa vijidudu vya kuharisha kwenye choo chao vilipungua, kwa sababu asidi ikipanda vya kutosha wadudu wengi wabaya hawakai. Anza na robo glasi.

Hapa sasa usalama, na hapa nakuwa mkali. Maziwa chemsha. Yachemke kabisa, ndo uyapoze uyagandishe kwa kijiko cha mtindi unaouamini. Mtindi wa kwenye chupa za maji unaouzwa stendi, ambao maziwa yake hujui kama yaliona moto, achana nao, bruselosi na TB ya ng'ombe zinapita humo, na siku dokta akikuongezea prednisolone au azathioprine kinga yako itakuwa chini na kitu kidogo kwa mwenzio kwako kitakuwa kikubwa. Ukiwa kwenye dawa hizo, au ugonjwa umeamka vibaya, hivi vyenye bakteria hai viweke pembeni mpaka uongee na dokta wako.

Vingine haraka haraka. Achari nyingi za dukani na hata za nyumbani hazijachachuka, ni siki au ndimu na pilipili, kwa hiyo hazina hao bakteria unaowatafuta na pilipili yake utaisikia kesho yake chooni. Mbege, komoni, ulanzi, ndio vimechachuka lakini ni pombe, usiniletee huo ujanja, kuna mzee mmoja alinijia nao akiwa serious kabisa. Kabichi ya kuchachusha unaweza kujaribu baadaye sana, kilo moja ya kabichi iliyokatwa nyembamba na chumvi gramu 20, kama kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, unaifikicha mpaka itoe maji, unaishindilia kwenye chupa izame kwenye maji yake, kwa joto la Moro wiki moja inatosha, na unakula kijiko kimoja pembeni ya wali, sio bakuli. Kombucha sioni ya nini.

Ratiba ya chakula sasa, na hapa nitakuudhi, sikupi ratiba. Zamani nilikuwa natoa, karatasi nzuri tu imechapwa, kula hiki usile kile, mpaka mama mmoja akarudi baada ya miezi minne kapungua kilo tisa, kaifuata karatasi yangu kama msahafu, kila kilichoandikwa "punguza" yeye kakiacha kabisa, maharage kaacha, mboga kaacha, matunda kaacha, anakula wali mweupe na chai. Ugonjwa ulikuwa umelala kumbe njaa ndo ilikuwa inamla. Niliichana ile karatasi.

Ninachokupa ni hivi, kuna siku za ugonjwa kulala na siku za ugonjwa kuamka, na haziliwi chakula kimoja. Ugonjwa ukiamka, yaani damu na ute vimerudi na safari za chooni zimeongezeka, shuka kwenye vyakula laini visivyo na makapi: wali mweupe, ugali wa sembe laini, ndizi za kupika zilizoiva sufuriani mpaka zinapondeka, viazi vilivyomenywa, boga, karoti zilizochemshwa, mayai, samaki wa kuchemsha au kuku bila ngozi. Protini usiikimbie maana mwili unajenga ukuta upya. Kula kidogo kidogo mara tano sita. Maji na ORS kama unaharisha sana. Kachumbari, mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, machungwa na makapi yake, pilipili, hivyo pumzisha. Ila ni kwa muda! Haizidi wiki chache, na muda huo huo umeshampigia dokta, hukai nyumbani unajitibu kwa ndizi.

Ugonjwa ukilala, kama ulivyo sasa, rudisha nyuzinyuzi pole pole, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana wakizipata hizo nyuzinyuzi wanatengeneza asidi fulani inaitwa butireti na hiyo ndo chakula cha chembe zenyewe za ukuta wa utumbo wako. Yaani mtindi bila nyuzinyuzi ni kuwaleta wageni nyumbani bila kupika. Mchicha uliopikwa ukalainika, papai, ndizi mbivu, ulezi, maharage yaliyolowekwa usiku, maji yake yakamwagwa, yakachemshwa mpaka yavunjike, anza vijiko vitatu sio sahani. Kila siku tatu nne kitu kimoja kipya, na uwe na daftari. Nimekula nini, saa ngapi, tumbo limesemaje kesho yake. Ukiingiza maharage, mtindi na dona siku moja tumbo likajaa utamlaumu nani kati ya hao watatu?

Hiyo gesi yako uliyoitaja wakati damu hakuna na choo kimetulia, mara nyingi sio kolaitisi imeamka. Wagonjwa wengi wa kolaitisi iliyolala wanabaki na utumbo mwepesi wa kushtuka, na wachokozi wakubwa kwenye jikoni letu ni kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, ngano na maziwa fresh. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Australia ndo waliolifanyia kazi sana hili kundi la sukari zinazochachuka haraka tumboni. Jaribu wiki mbili tatu bila vitunguu, najua, najua, mchuzi bila kitunguu ni msiba, lakini kaanga vitunguu kwenye mafuta kisha vitoe utupe, ladha inabaki kwenye mafuta na zile sukari zinabaki kwenye kitunguu kwa sababu zinayeyuka kwenye maji sio kwenye mafuta. Ukiona nafuu ndo unarudisha kimoja kimoja uone mchokozi ni yupi, usikae hivyo mwaka mzima.

Kitu ambacho hukuuliza lakini ntakuambia. Ukiumwa mgongo au siku zako zikikukamata vibaya usikimbilie diclofenac au ibuprofen, hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa, paracetamol ndo rafiki yako. Chai sogeza mbali na mlo, saa moja hivi, inazuia madini ya chuma na wewe umepoteza damu miaka miwili, ukienda kliniki omba wakuangalie wingi wa damu. Na ukifika mahali unaenda chooni mara sita au zaidi kwa siku na kuna damu, halafu una homa au mapigo ya moyo yanazidi 90 umekaa tu umetulia, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho, sio baada ya mtindi.

Shangazi usigombane naye. Mwambie mtindi umekubali, ila kwa vijiko, na kama anajua kuotesha kimea cha ulezi vizuri kisishike ukungu mpe hiyo kazi, maana hicho ndo kigumu na wazee wanakijua kuliko mimi.

Kuhusu vidonge vya jirani, geuza kichupa usome nyuma. Kama hakisemi jina kamili la bakteria mpaka ile namba au jina la aina yake mwishoni, idadi yake, na tarehe ya kuisha, ni unga tu wa bei mbaya, na kama kilitakiwa kukaa kwenye friji na yeye kakiweka kabatini kwa joto hilo wengine humo walishakufa siku nyingi. Hiyo elfu themanini na tano usimpe. Iweke ya nauli na vipimo vya kliniki ijayo, na ukifika muulize dokta kama hospitali yao wanapima kaliprotektini kwenye choo, inaonyesha kama ule uvimbe umelala kweli au unajifanya umelala.